Kohozi la mgonjwa na daftari la mnara: ushahidi katika kesi za Legionella

Kazi yangu ni kukagua mifumo ya maji ya majengo makubwa, na kila mlipuko wa nimonia inayoletwa na bakteria wa Legionella unapofikishwa mahakamani, swali langu la kwanza ni kama kohozi la wagonjwa lilioteshwa maabara ili kupata bakteria hai.

Mnara wa kupozea, ule unaokaa juu ya paa na kuhudumia viyoyozi, hunyunyiza maji ya uvuguvugu ambayo feni huyapuliza ili yapoteze joto. Bakteria hawa hustawi kati ya nyuzi 25 na 45 za Selsiasi, hasa penye kutu, matope na utando telezi ndani ya beseni, kisha huruka na matone madogo mno yanayochukuliwa na upepo. Mpita njia anaweza kuyavuta bila kukanyaga ndani ya jengo hilo, na dalili zikaanza siku 2 hadi 14 baadaye. Atamshtaki nani, ilhali mtaa una minara kadhaa?

Jibu hutokana na kulinganisha vinasaba vya bakteria wa mgonjwa na vya wale wa mnarani. Katika mlipuko wa Harlem, New York, wa 2025, ulioathiri watu 114 na kuua 7, idara ya afya ilifika kwa njia hiyo kwenye minara miwili: mmoja wa Harlem Hospital, mwingine wa eneo la ujenzi lililo karibu. Tatizo ni kwamba hospitali nyingi huridhika na kipimo cha mkojo, ambacho ni cha haraka na hutosha kuanza matibabu, lakini hakitoi bakteria hai wa kulinganishwa. Antibiotiki zikishaanza kufanya kazi, nafasi ya kuwapata katika kohozi hupungua. Naona ni dhuluma kwamba mtu aliyeugua kweli hubaki na anwani na tarehe tu, huku wakili wa mwenye jengo akinyooshea kidole mnara wa jirani.

Ushahidi wa pili ni daftari la matengenezo. Baada ya mlipuko wa South Bronx, New York, wa 2015, uliohusishwa na mnara wa Opera House Hotel na kuua watu 16 kati ya 138 waliougua, jiji liliwataka wamiliki wasajili minara, waipime na kutunza kumbukumbu. Huko New York, kukiuka kanuni ya jiji ni ushahidi wa uzembe unaopimwa na juri, yaani raia wanaoamua kesi, wala si hukumu yenyewe. Kwa hiyo daftari husomwa mstari kwa mstari. Kiwango cha klorini kilichoandikwa kwa tarakimu ileile na kalamu ileile mwezi mzima hunitia shaka kuliko ukurasa mtupu. Dawa iliyomwagwa mara moja nayo si kinga: huko Morris Park, mtaa mwingine wa Bronx, miezi michache baada ya mlipuko wa South Bronx, bakteria walikutwa tena katika minara iliyokuwa imetakaswa karibuni.

Muda nao hauwasubiri wagonjwa. Huko New York, aliyeumia ana miaka 3 ya kumshtaki mmiliki binafsi, lakini anayedai dhidi ya jiji au hospitali yake ya umma hutakiwa kuwasilisha notisi ndani ya siku 90, na wengi huzimaliza wangali wanajifunza kupumua vizuri.