Saratani ya Ini: Namba ya Kwenye Karatasi na Maneno ya Mtaani

Siku hizi Mombasa majibu ya maabara husomwa kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla hayajafika mezani kwa daktari. Mtu kapiga picha karatasi: mstari wa AFP (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya ini), namba, na herufi H ya kuonyesha kwamba iko juu. Shangazi wa Kisauni ameshaanza kulia, na binamu wa Likoni ameshahesabu miezi iliyobaki. Karatasi yenyewe haijasema hayo.

"AFP ikipanda, ni saratani."
Si lazima. AFP ni protini inayotengenezwa kwa wingi na ini la mtoto aliye tumboni; akishazaliwa hushuka, na kwa mtu mzima hubaki kidogo sana. Seli za saratani ya ini zinaweza kuanza kuitengeneza upya, jambo ambalo wanasayansi wa Kisovieti walilibaini miaka ya 1960. Lakini hupanda pia kwa mja mzito, kwa mwenye hepataitisi iliyochachamaa, na katika baadhi ya saratani za korodani. Tazama pia kipimio: maabara moja huandika ng/ml, nyingine IU/ml, na IU moja ni kama ng 1.2. Nimeona watu wakilinganisha karatasi mbili za namna hiyo na kusema ugonjwa umeruka.

"AFP iko sawa, basi ini ni zima."
Hii ndiyo ya hatari zaidi. Takriban theluthi moja ya wenye saratani ya ini AFP yao haipandi, hasa uvimbe ukiwa bado mdogo. Ndiyo maana mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, hupigwa ultrasaundi kila miezi sita, hata kama damu yake haina neno.

"Namba kubwa ni hukumu: hana muda."
Hapa ndipo penye mazungumzo marefu. Ni kweli kwamba wagonjwa wenye AFP inayozidi 400 ng/ml, tukiwachukua kwa jumla, huwa na hali mbaya kuliko wenzao. Lakini jumla si mtu. Daktari anayekadiria mustakabali wa mgonjwa hutazama mambo manne au matano kwa pamoja: vivimbe ni vingapi na vina ukubwa gani, vimeingia kwenye mshipa mkuu wa damu wa ini au la, ini lililobaki linafanya kazi kiasi gani (manjano machoni na maji tumboni ni dalili mbaya), na mgonjwa mwenyewe bado anajitembelea au amelala kitandani. Mzee mwenye AFP ya 900 na ini lenye nguvu anaweza kuwa na njia nyingi za matibabu kuliko mwenye 30 ambaye ini lake limeshachoka.

Na namba moja husema machache kuliko mwendo wake. Ikishuka baada ya matibabu, ni habari njema. Ikianza kupanda tena, daktari huagiza picha mapema. Wakati mwingine namba kubwa hata hufungua mlango: dawa ya ramucirumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa waliokwisha kutumia sorafenib (dawa nyingine ya saratani ya ini), hupewa wale tu ambao AFP yao ni 400 au zaidi.

"Tuchange apelekwe India apimwe jeni, tujue kila kitu."
Harambee ni jambo jema, ila muulizeni daktari kwanza majibu hayo yatabadilisha matibabu gani. Mabadiliko ya jeni za TERT, TP53 na CTNNB1 hupatikana mara nyingi kwenye uvimbe wa ini, na watafiti wanayafuatilia sana. Hata hivyo, mpaka sasa si hayo yanayoamua matibabu ya kwanza. Wagonjwa wengi hata hawakatwi kipande kidogo cha ini cha kupimwa maabara, kwa sababu kwa mwenye sirosisi picha ya CT yenye dawa ya mshipani mara nyingi hutosha kuthibitisha.

"Iko kwenye ukoo. Au karogwa."
Uchawi nauacha. Ukoo una maelezo yake. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huacha alama mahususi kwenye jeni ya TP53, sehemu ya 249. Alama hiyo iko ndani ya uvimbe tu, mtoto hairithi. Anachoweza kupata kutoka kwa mama, wakati wa kuzaliwa, ni kirusi cha hepataitisi B, ambacho huweza kuleta saratani ya ini, na ndugu wa tumbo moja wakaugua mmoja baada ya mwingine. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwishoni mwa 2001, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuchanjwa utotoni. Mmoja akikutwa nacho, nduguze wote wapimwe damu, na asiye nacho wala kinga yake achanjwe.