Nyumba yako haijapanda bei, mzee wangu

Jumamosi nilikuwa barazani kwa mzee mmoja, kwenye mtaa wa Dar es Salaam ambao sitautaja. Nyumba yake imepakana na eneo lililozungushiwa mabati ya mkandarasi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikakaribishwa chai. Kisha akatoa hati kwenye bahasha ya kaki na kusema maneno ambayo katika kazi hii ya uthamini nimeyasikia mpaka yananiuma: "Mwanangu, maduka makubwa yanakuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niandikie thamani mpya ya nyumba."

Nikamuuliza kama anauza. Hapana, hauzi, amezikia wazazi wake kutoka nyumba hiyo. Anataka mkopo, avunje ukuta wa mbele, ajenge fremu nne za biashara.

Mwezi huu peke yake ni mara ya tatu. Naandika hapa ili wa nne anikute nimeshajibu.

Kosa linaanzia kwenye neno "nyumba". Mtaani tunasema nyumba imepanda bei, lakini nyumba haipandi. Matofali, bati na nondo vinachakaa kila mwaka, na sisi wathamini tunavikata uchakavu. Kinachopanda ni ardhi iliyo chini yake. Tena ardhi hiyo hupanda kwa ajili ya matumizi ambayo mara nyingi hayaitaki hiyo nyumba kabisa.

Chukua mfano, na namba hizi ni za mfano tu. Kiwanja cha mita za mraba 600, ardhi shilingi 300,000 kwa mita. Hiyo ni milioni 180. Nyumba baada ya uchakavu milioni 70. Kama makazi, jumla ni milioni 250. Maduka yanakuja, na mtu anataka pale pawe hoteli au ghala, yuko tayari kulipa 500,000 kwa mita. Ni milioni 300. Mzee anaona faida ya milioni 50 na anashukuru Mungu. Lakini angalia vizuri: katika milioni 300 hizo nyumba ni sifuri. Mnunuzi ataibomoa, na gharama ya kubomoa na kubeba kifusi ataitoa kwenye bei atakayokupa. Vigae ulivyoweka mwaka juzi na jiko ulilojengea mama havimo kwenye hesabu yake hata kwa senti moja. Halafu ongezeko hilo huwezi kulila mpaka uhame. Ukihama na ukitaka kubaki jirani na ulipozoea, utanunua kwa watu ambao nao wamesikia maduka yanakuja. Wengi wanaishia pembezoni mwa jiji, Madale, Kivule au Chanika, na nauli ya watoto inaanza kuhesabiwa upya.

Na hata hiyo bei ya hoteli haimfikii kila mtu. Kiwanja kimoja cha mita 600 hakitoshi hoteli. Mwenye fedha anatafuta viwanja vitatu au vinne vilivyoshikana, vinavyotazama barabara. Jirani yako akikataa, bei yako inarudi ilipokuwa. Wa mstari wa pili, ambaye kati yake na barabara kuna nyumba nyingine, anabaki na bei ya makazi, na makazi yenyewe sasa yana jenereta upande mmoja na malori ya mizigo saa kumi alfajiri upande wa pili. Nimewahi kuthamini nyumba mbili zilizopakana migongo, moja ikatazama barabara na nyingine kichochoro. Ya mbele iliongezeka. Ya nyuma nilishusha, na mwenyewe alinikasirikia kana kwamba mimi ndiye niliyeleta hilo jenereta. Mtaa mmoja, maduka yale yale. Ndiyo maana sentensi ya "maduka yamepandisha thamani ya mtaa" siikubali. Yamepandisha ya nani?

Watu hunijibu kwa Mlimani City, lile jengo kubwa la maduka la hapa Dar. Sawa, tuizungumze. Ilifunguliwa 2006, ikajengwa na kampuni ya Botswana, Turnstar, kwenye ardhi iliyokodishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwanza, hakuna mtaa uliobomolewa kuipisha, ilikuwa ardhi ya chuo. Pili, ni kweli kwamba aliyenunua kiwanja jirani nayo, Makongo au Mwenge, kabla ya hapo leo anatabasamu. Lakini mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 2,487,288 kwenye sensa ya 2002, ukafika 4,364,541 mwaka 2012, na 5,383,728 mwaka 2022. Katika mji unaojaa namna hiyo ardhi imepanda hata kule ambako duka kubwa kuliko yote ni la muuza mkaa. Barabara ya Sam Nujoma nayo ilipanuliwa. Chuo kimeongeza wanafunzi, nao wanahitaji vyumba vya kupanga. Katika ongezeko hilo, sehemu ya maduka ni ipi na ya lami ni ipi?

Hapa niseme jambo ambalo kwenye ripoti zetu hatuliandiki. Sijui kuvitenganisha. Vitabu vinasema chukua mauzo ya kulinganisha, kabla na baada, karibu na mbali. Mauzo yapi? Bei inayoandikwa kwenye mkataba mara nyingi si bei iliyolipwa, kwa sababu muuzaji anaogopa kodi ya ongezeko la mtaji. Bei anayonipa dalali ni ile anayotamani, maana kamisheni yake imo humo. Mimi nakaa katikati ya hao wawili, napiga simu kwa watu watano, napima kwa uzoefu, kisha naweka mhuri. Benki inaamini mhuri. Naufanya kwa uaminifu wote nilio nao, lakini asitokee mtu kunionyesha asilimia kamili ya thamani iliyoletwa na maduka. Kwa takwimu tulizo nazo, asilimia hiyo ni makisio yaliyovalishwa suti.

Sasa maji. Nikianza hapa watu husinzia, nawaomba msisinzie, kwa sababu ndani ya miaka miwili mitatu ya kwanza maji huharibu nyumba za majirani kuliko kelele na foleni zikiunganishwa. Hekta moja ya maegesho yenye lami, ikinyeshewa milimita 50, inapokea lita 500,000. Hayo ni maboza 50 ya lita elfu kumi. Kabla ya lami, palipokuwa na nyasi na mchanga, sehemu kubwa ilizama ardhini taratibu. Baada ya lami karibu yote yanatiririka, tena kwa saa moja. Yanakwenda wapi? Ukimwuliza msimamizi wa ujenzi atakuonyesha mtaro mzuri wa zege ndani ya uzio. Mfuate huo mtaro mpaka unapotoka nje. Mara nyingi utakuta umeishia kwenye mfereji wa mtaa uliochimbwa zamani kwa ajili ya maji ya nyumba thelathini, umejaa mchanga na chupa za plastiki. Masika yakija, yule wa bondeni anaamka maji yako kwenye godoro, anailaumu mvua. Mvua ni ile ile ya babu yake. Kilichobadilika ni kasi.

Nimeona msingi wa nyumba nzuri umelika upande mmoja kwa misimu miwili tu, nyufa zikapanda kutoka dirishani hadi kwenye linta. Nyumba ile niliishusha bei kwa uchungu, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amepiga makofi siku ya kuwekwa jiwe la msingi la maduka.

"Si watatulipa fidia?" Hilo ndilo swali linalofuata kila mara, na jibu linakatisha tamaa. Fidia ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ni ya anayetwaliwa ardhi. Huyo anahesabiwa thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36, hata usafiri wa tani 12 za mizigo kwa umbali wa hadi kilomita 20. Wewe ambaye ukuta wako umebaki umesimama hujatwaliwa chochote. Umebaki na ardhi yako yote, pamoja na vumbi, mwanga wa taa usiku kucha na magari yanayoegeshwa mlangoni kwa sababu maegesho ya ndani yanalipiwa. Unaweza kwenda mahakamani kwa madai ya kero. Jiandae kwa wakili na kwa miaka.

Wapangaji ndio hawaulizwi kabisa. Mwenye nyumba akisikia maduka, kodi ya chumba inapanda hata kabla ya mabati kutolewa, na inadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Mama lishe aliyekuwa akiwapikia mafundi wakati wa ujenzi hufukuzwa wiki ya ufunguzi. Ajira zipo, sikatai, ulinzi na usafi na mauzo, lakini mkataba wa ajira hauna sharti la kuishi mtaa ule.

Nirudi kwenye fremu za mzee, maana ndizo zilizonileta. Kwanza, kiwanja chake kwenye hati ni cha makazi. Kukigeuza kuwa makazi na biashara kunahitaji kibali cha kubadili matumizi, na kikishatoka, kodi ya pango la ardhi inapanda. Wengi hujenga bila kibali, na Sinza ni shahidi: ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma ili watu wajenge makazi, leo ukipita barabara ya Shekilango unatafuta dirisha la chumba cha kulala hulioni. Hakuna aliyeamua siku moja kwamba Sinza iache kuwa mtaa wa kulala. Kila mmoja alitoboa ukuta wake.

Pili, fremu zinaishi kwa wapita njia, na wapita njia si mali yako. Uliza waliojenga nyumba za wageni pembeni ya kituo cha mabasi Ubungo. Mwaka 2021 mabasi yakahamia Mbezi Luis. Uliza pia kuhusu supamaketi zinazobeba hayo majengo makubwa. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikaondoka nchini 2015, na Nakumatt yenyewe ikaanguka miaka michache baadaye. Maamuzi hayo yalifanyika kwenye vikao vya nchi nyingine. Mkopo wa mzee utakuwa wa miaka saba, na dhamana ni nyumba aliyozikia wazazi.

Nilimwambia yote haya, chai ikapoa. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo maduka ni mabaya?"

Hapana, baba. Mimi mwenyewe nanunua huko, na mtaa wenye duka la dawa lililo wazi saa nne usiku ni mtaa bora. Ninachokataa ni kukaa kimya mapema kwa matumaini, kisha kulalamika zege likishakauka. Mradi wa ukubwa ule unapaswa kuwa na tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 2004, na wananchi wa karibu wanapaswa kuhojiwa. Mara nyingi fomu zinazunguka siku ya kazi, zinasainiwa na watu wachache, na swali la mtaro haliulizwi kwa sababu aliyepo kikaoni anauliza vijana wangapi watapata kazi. Nalo ni swali zuri. Yaulizwe yote mawili.

Thamani niliyomwandikia ni ya nyumba ya makazi, ya leo, pungufu kwa milioni kadhaa ya aliyotajiwa na dalali. Hakufurahi. Ila aliita mwanawe, akamtuma kwa mjumbe kuuliza kama mchoro wa mifereji ya mradi umeshafika ofisi ya serikali ya mtaa. Jumatano saa nne tunakwenda pamoja kuuangalia, nami nitabeba futi ya kupimia ule mfereji wa nyuma.