Kuacha Kazi Si Usaliti

Wapo wengi wanaoamini kwamba mfanyakazi anayehamia kwenye mshahara bora amemsaliti mwajiri "aliyemtoa mbali". Dhana hiyo inachanganya uaminifu katika kazi na utii usio na mwisho kwa mwenye kazi. Mshahara ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika, wala si fadhila inayodai kulipwa kwa kubaki.

Sheria za kazi katika nchi nyingi humtaka mwajiriwa, maadamu mkataba wake ungalipo, atende kwa nia njema: asiibe, asitoboe siri za biashara, asishindane na mwajiri wake kwa kificho. Wajibu huo ni wa kweli, nami siudharau hata kidogo. Lakini sehemu yake kubwa hukoma mkataba unapokwisha, ingawa siri hubaki kuwa siri.

Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka pawepo sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na mojawapo ya sababu unazozikubali ni mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Yaani, hata aliyetumika miaka 20 bila doa anaweza kupunguzwa kwa kuwa nafasi yake haihitajiki tena. Mwajiri huyo haitwi msaliti. Kwa nini basi aitwe hivyo mfanyakazi aliyetoa notisi kwa maandishi, akakabidhi funguo na majalada, na akakaa na mrithi wake hadi jioni akimwonyesha daftari la madeni ukurasa kwa ukurasa?