Je, wajua kilo 100 zinaweza kulilemea gari kama kilo 150?

Magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, mengi yake huko Ulaya yamejengwa juu ya Fiat Ducato, gari la mizigo aina ya van. Bodi huvuka matairi ya nyuma kwa masafa marefu, na kwenye huo mkia ndiko ilipo stoo. Baiskeli huingia humo, mara nyingine hata pikipiki.

Chukua gari lenye mita 4 kati ya ekseli (mhimili unaoshika matairi) ya mbele na ya nyuma. Pikipiki ya kilo 100 imefungwa mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo inakuwa egemeo, kama ubao wa bembea: mkia unashuka, pua inanyanyuka. Zidisha 100 kwa 2, gawanya kwa 4. Mbele pamepungua kilo 50, na nyuma pamebeba zile 100 pamoja na hizo 50 zilizohama. Aliyewahi kupanda mlima na bodaboda yenye gunia la mkaa nyuma anaijua hali hii mikononi: usukani unakuwa mwepesi, tairi la mbele linataka kuruka.

Kwa Ducato ni hatari zaidi, maana matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayolivuta gari. Yakikosa uzito, huzunguka bure kwenye majani mabichi, na barabara ikiloa gari huchelewa kutii usukani. Nyuma nako matairi yaliyolemewa hupata joto, na joto likizidi hupasuka.

Kwa hiyo kujua uzito wa jumla hakutoshi. Gari laweza kuwa chini ya kilo 3,500, kikomo kilichozoeleka Ulaya kwa leseni ya daraja B, ile ya magari madogo ya kawaida, na bado ekseli ya nyuma imezidishiwa. Madereva wetu wa malori hawahitaji kuelezwa hili; mizani ya barabarani huwapima ekseli kwa ekseli.

Maji nayo husahaulika sana: lita 100 ni kilo 100, na tangi likiwa nusu hayatulii. Makopo yakijazwa kwenye kabati za juu, upepo wa ubavuni hulilaza gari kwa urahisi. Vizito vikae sakafuni, katikati ya ekseli mbili. Kisha lipeleke gari mizani likiwa na abiria wote na maji yake, upime mbele peke yake na nyuma peke yake.