Kosmonauti ni nani, na anaandaliwaje?

Kosmonauti ni mwanaanga aliyefunzwa katika mpango wa anga wa Urusi, au wa Umoja wa Kisovyeti kabla haujavunjika. Wa kwanza alikuwa Yuri Gagarin, aliyeizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961 katika safari ya dakika 108. Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza angani, aliruka Juni 1963. Hayo wengi wetu tuliyasikia shuleni. Kisichosemwa sana ni kwamba ukosmonauti ni ajira yenye ngazi na mitihani yake, na mtu anaweza kuishika kazi hiyo miaka mingi kabla hajapaa hata mara moja.

Mtazame Oleg Kononenko. Alizaliwa Turkmenistan mwaka 1964, akasomea uhandisi Kharkov, akachaguliwa kuingia mafunzoni mwaka 1996. Miaka miwili baadaye alifuzu. Safari yake ya kwanza ilikuwa Aprili 2008! Miaka 12 ya kusoma, kufanya mazoezi, kupimwa afya na kungoja zamu. Kufikia Septemba 2024 alikuwa amekwenda angani mara tano na kukaa huko jumla ya siku 1,111, nyingi kuliko binadamu yeyote kabla yake.

Kundi la kwanza la mwaka 1960 lilikuwa la marubani 20 wa jeshi la anga, wote wanaume. Baadaye wakaingia wahandisi na madaktari, na tangu 2012 raia wa kawaida wa Urusi mwenye sifa anaweza kuomba nafasi kwa ushindani wa wazi.

Mafunzo hufanyika Zvyozdny Gorodok, mji mdogo wenye misitu karibu na Moscow, katika kituo chenye jina la Gagarin. Kwa takriban miaka miwili ya mwanzo mwanafunzi haandaliwi kwa safari yoyote maalumu. Anajifunza kuhusu nyota, namna chombo kinavyoizunguka dunia, huduma ya kwanza, na kila mfumo uliomo ndani ya Soyuz, chombo kinachowapeleka angani na kuwarudisha. Anafungiwa peke yake katika chumba kisichopitisha sauti, akipewa kazi siku kadhaa bila kulala, ili ijulikane akili yake inafanyaje kazi uchovu unapomzidi. Anaruka kutoka kwenye ndege, na kabla parachuti halijafunguka anatakiwa kutatua maswali huku akieleza kwa sauti anachofanya. Woga wake unarekodiwa pamoja na majibu yake.

Kisha watu watatu huachwa msituni wakati wa baridi kali, siku mbili, wakiwa na vitu vile tu vinavyokuwamo ndani ya chombo kinachotua. Wanajenga kibanda kwa matawi na kitambaa cha parachuti. Zoezi hili halikubuniwa kwa kuwatesa watu. Machi 1965 Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo akiwa angani, alitua na mwenzake Pavel Belyayev mbali sana na mahali palipopangwa, wakalala usiku mbili kwenye theluji ya milima ya Ural kabla ya kuondolewa.

Kazi za nje ya kituo cha anga hufanyiwa mazoezi ndani ya bwawa lenye kina cha mita 12, kwa sababu mtu aliyevaa vazi la anga akisawazishwa vizuri majini huelea karibu kama angani. Uzito wa mwili wakati wa kupaa na kutua huzoewa kwenye sentrifuji, mtambo wenye mkono wa mita 18 unaomzungusha mtu mpaka kifua kionekane kama kimekaliwa. Faida yake ilionekana tarehe 11 Oktoba 2018, roketi ya Soyuz MS-10 ilipoharibika dakika mbili hivi baada ya kuruka. Aleksey Ovchinin na Mmarekani Nick Hague walibanwa kwa nguvu karibu mara saba ya uzito wao, lakini waliendelea kuripoti kwa sauti tulivu hadi wakatua salama Kazakhstan. Machi 2019 wote wawili waliruka tena.

Kabla ya safari, katika mtihani wa mwisho, kikosi huchagua bahasha iliyofungwa na kuikabidhi kwa wakufunzi bila kuisoma. Ndani yake mmeandikwa hitilafu zitakazowapata siku hiyo kwenye chombo cha mazoezi: moshi, hewa inayovuja, kompyuta iliyokufa. Kikosi cha akiba hufanya mtihani huohuo, kisha huenda Baikonur, kituo cha kurushia roketi kilichoko Kazakhstan, na kuwatazama wenzao wakiondoka. Kwangu mimi hapo ndipo penye ugumu mkubwa kuliko sentrifuji.

Na akiba haiwekwi kwa desturi tu. Mwaka 1971, siku chache kabla ya Soyuz 11 kuruka, madaktari waliona doa kwenye pafu la Valeri Kubasov, na kikosi chake chote kikabadilishwa. Walioruka badala yao, Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev, walikufa wakirudi, baada ya vali kufunguka na hewa yote kutoka. Hawakuwa wamevaa mavazi ya kuwalinda, kwa kuwa chombo hakikuwa na nafasi ya kuyabeba kwa watu watatu. Tangu hapo kila anayepaa au kutua na Soyuz huvaa vazi la Sokol, na kulivaa haraka ni sehemu ya mafunzo.