Vitwitwi wamejaa ufukweni, basi hawako hatarini?

Kila vitwitwi wanaporudi pwani, kuanzia Agosti hivi, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: picha ya kundi kubwa juu ya tope, na maneno kwamba ndege wanaojaa namna hii hawawezi kuwa hatarini, tunadanganywa.

Picha huenda ni ya kweli. Kasoro iko kwenye hitimisho.

Mchukue kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea. Huzaliana kaskazini kabisa ya Siberia, kisha huja hadi Mida Creek nchini Kenya, delta ya Rufiji na kusini zaidi. Ndege waliokuwa wametawanyika kwenye nyika pana za huko hukutana huku kwenye vipande vichache vya tope, na maji yakijaa husongamana zaidi. Ukiwatazama wakati wa bamvua utaapa hawana idadi.

Lakini daraja la hatari kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya dunia ya spishi zilizo hatarini kutoweka, halitolewi kwa wingi wa siku moja tu. Huangaliwa pia kasi ya kupungua: spishi iliyopoteza asilimia 30 au zaidi ya idadi yake ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kwa kufuata kipindi kilicho kirefu zaidi, yaweza kuingizwa kwenye madaraja ya hatari, hata wakibaki maelfu kwa maelfu. Mwaka 2024 kitwitwi huyu aliwekwa kwenye daraja la chini kabisa kati ya matatu ya hatari, liitwalo Vulnerable.

Kuhakiki ni rahisi. Andika jina hilo la kisayansi kwenye Orodha Nyekundu mtandaoni, usome daraja na mwaka wa tathmini. Ujumbe ukikufikia tena, usiusambaze; mweleze taratibu aliyeutuma.