Tubulatura: kishingo cha pili kwenye vyombo vya kioo vya maabara

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, hapa Tabora, alitoa stoo chupa nzito ya kioo akauliza: "Mwalimu, hii chupa ina shingo tatu za nini?" Jibu liko kwenye neno la kemia ya zamani, tubulatura.

Tubulatura ni mdomo mfupi wenye umbo la neli, uliounganishwa kwenye mwili wa chombo cha maabara pembeni na njia yake kuu. Asili yake ni neno la Kilatini tubulus, yaani kijineli. Darasani mimi huuita kishingo, na wanafunzi hulishika neno hilo upesi.

Mfano tunao juu ya miti. Mzinga wa gogo unaotundikwa kwenye miombo una tundu dogo la nyuki kupita, na una mfuniko ambao mrina asali hufungua. Hakuna anayelazimika kutumia mlango wa mwenzake. Kishingo kinafanya kazi hiyohiyo.

Chombo kilichokihitaji zaidi ni ritoti: tufe la kioo lenye shingo ndefu iliyopinda kuelekea chini. Chukua utayarishaji wa asidi ya nitriki. Potasiamu nitrati huwekwa ndani ya tufe, asidi ya salfuriki iliyokolea humiminwa juu yake, kisha hupashwa moto. Mvuke hupita shingoni, hupoa, na asidi hudondoka kwenye chombo cha kupokelea. Sasa, kama njia ni moja tu, asidi ya salfuriki nayo itapitia shingo hiyo, na matone yatakayobaki ukutani yatachafua asidi unayoisubiri. Ritoti yenye kishingo juu ya tufe inaondoa tatizo hilo: unaweka faneli, unamimina, unaziba. Kizibo kinatakiwa kiwe cha kioo kilichosagwa kikakaa barabara, maana mvuke wa asidi ya nitriki hula mpira.

Kwa nini kijineli, tundu tupu lisitoshe? Ukuta wa tufe ni mwembamba, na kizibo kwenye tundu tupu hakina pa kushika. Kijineli kinampa kizibo ukuta wa kukaba. Fundi wa kioo hupasha moto sehemu moja ya chombo mpaka ilainike, huivuta au kuipuliza itokeze nje, huifungua, kisha hunenepesha ukingo wake usipasuke. Baada ya hapo chombo lazima kipozwe polepole sana.

Ile chupa ya shingo tatu inaitwa chupa ya Woulfe. Peter Woulfe, mkemia mzaliwa wa Ayalandi, alieleza mwaka 1767 namna ya kunasa mvuke na gesi zilizokuwa zikipotea wakati wa ukenekaji, yaani kugeuza kimiminika kuwa mvuke kisha kuupoza. Uzuri wa chupa hii naupenda kwenye shingo ya katikati. Tuseme gesi inaingia kwa shingo ya upande mmoja na kutoka kwa ya upande mwingine kwenda kwenye beseni la maji. Moto ukizimwa, gesi iliyo ndani husinyaa na kuyavuta maji ya beseni yarudi nyuma. Yakifika kwenye kioo cha moto, kioo kitapasuka. Kwenye shingo ya katikati huwekwa neli iliyo wazi juu, ncha yake ya chini ikizama kidogo tu kwenye maji ya chupa. Hewa ya nje hupenya hapo kabla maji ya beseni hayajapanda. Neli hiyohiyo huonyesha hatari ya upande wa pili: njia ya mbele ikiziba, maji hupanda ndani yake na ukayaona.

Vingine vinaeleweka kwa kutazama. Chupa yenye kishingo karibu na kitako ni kama ndoo ya bomba ya kunawia mikono. Flaski nene ya kuchujia ina kishingo ubavuni cha kuunganishia pampu ya kunyonya hewa. Flaski za kisasa zenye shingo tatu, zinazounganishwa kwa viungo vya kioo kilichosagwa, zimerithi wazo lilelile.

Ukikuta chombo cha namna hii stoo, usikizungushe kizibo kwa nguvu. Kioo kilichosagwa hunata kikikaa miaka. Kilainishe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, na ukimaliza kukiosha, weka kipande chembamba cha karatasi kati ya kizibo na kishingo kabla ya kukirudisha rafuni.